Marketta Aliyewafungua Wahandisi Midomo

Ijumaa, tarehe 31 Mei 2024, Marketta Hyvärilä atakabidhi ufunguo wa chumba namba 214, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwaandaa wanafunzi wetu wa uhandisi na kompyuta kwa ajira. Mhariri wa jarida letu la chuo amenitaka mimi niandike, kwa kuwa tuliajiriwa wiki ileile. Laiti angejua. Nimemwonea wivu mwanamke huyu tangu wiki hiyo, na sioni sababu ya kuendelea kuficha.

Mwaka 1993 sote wawili tuliomba kazi ya kusimamia mafunzo ya viwandani. Mimi nilikuwa na shahada mbili. Yeye alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha karatasi. Akachukuliwa yeye. Mimi nikapewa somo la saketi za umeme, ninalolifundisha mpaka leo kwa watu wanaosinzia.

Kijana wa hapa Tampere anaweza kuunda roboti, lakini msaili akimuuliza anajua nini, atajibu, "Kidogo tu." Kwetu Wafini kujisifu ni aibu. Marketta hakumlazimisha mtu ajisifu. Aliwaambia waende na kitu walichokitengeneza, wakiweke mezani, waeleze kilivyogoma mara ya kwanza na walivyokirekebisha. Mfini ukimuuliza habari za hitilafu, hanyamazi. Waajiri wakaanza kumpigia simu kabla wanafunzi hawajahitimu. Kila Desemba wahitimu humletea maandazi ya iliki. Hupita nayo mlangoni pangu, mimi naambulia harufu.

Mwaka 2008 aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono, nami nikashika nafasi yake. Nikasema zamu yangu imefika. Niliwaandikia wanafunzi kumi na mmoja majibu safi ya usaili, wakayakariri. Kampuni moja ya lifti ikawaita wote siku moja. Walipoulizwa udhaifu wao, kila mmoja alijibu kwamba hajui kuacha kazi saa za kazi zikiisha. Kufikia wa saba, wasaili walikuwa wanacheka waziwazi. Hakuchukuliwa hata mmoja.

Marketta, mkono bado umefungwa plasta, alikwenda kwenye kampuni ile akasema kosa ni la ofisi yake, akaomba wasikilizwe upya. Tisa waliajiriwa. Mkuu wa idara alimkaripia yeye, naye hakunitaja. Kwangu alisema tu, "Ilpo, siku nyingine usiwaandikie. Wasikilize." Nilimchukia kwa wema huo kuliko kwa ile kazi. Leo nasema mbele ya wote: majibu yale niliyaandika mimi.

Kuanzia Agosti chumba 214 ni changu, na kazi yake pia. Wiki iliyopita nilikuwa napanga vitabu vyangu humo, binti mmoja wa mwaka wa tatu akabisha hodi, kashika boksi la nyaya. Akanitazama juu mpaka chini.

"Marketta hayupo?"

"Katoka. Karibu, kaa."

"Basi, nitarudi akiwepo."

Akaenda zake na boksi lake.

Marketta, asante kwa kazi yote, hata ile iliyoniuma. Nenda ziwani kwako ukavue samaki, uwashe sauna mchana kweupe, simu uzime. Wenzako tunakuombea afya na siku nyingi za raha. Ila katika miaka hii yote sijawahi kukuuliza jambo lolote. Tafadhali pitia 214 kabla ya Ijumaa. Nataka unieleze yule binti nitamfanyaje akae.