Zubeda Seifu na Mmea wa Haihami

Kigoma, 14 Juni 2004. Nimemaliza mwaka wa nane tangu niondoke Bujumbura. Huko, tarehe 30 ya mwezi huu, Zubeda Seifu atakabidhi ufunguo wa bustani ya majaribio ya Buterere baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Wenzake wameniomba niandike, kwa kuwa nilikuwa mkuu wake kwa miaka kumi na minne.

Zubeda ni binti wa fundi wa magari wa mtaa wa Bwiza. Alianza mwaka 1975 kwa kufagia ghala la mbegu, na haukupita muda mrefu kabla hajawapita wote kwa kuotesha. Mwaka 1983 tuliletewa pakiti ya mbegu za astragali, mmea wa jamii ya kunde kutoka nchi za baridi. Vijani vyake vimepangana viwili viwili kama unyoya, maua ni ya manjano hafifu, na mzizi ni mmoja, mrefu, unaoshuka ardhini kama msumari. Kwao watu huuchemsha mzizi huo wakiamini unawarudishia nguvu waliodhoofika. Sisi tulitaka kujua kama ungerutubisha udongo uliochoka. Wafugaji tuliwaonya, maana baadhi ya ndugu zake ni sumu kwa ng'ombe.

Miezi mitatu hakikuota kitu. Ndipo Zubeda alipozisugua mbegu kwa mchanga kati ya viganja mpaka maganda yakakwaruzika, akaziloweka siku nzima, akazipanda juu ya matuta aliyoyainua ili mafuriko ya Buterere yasiozeshe mizizi. Kwenye kibao, badala ya jina la Kilatini, aliandika HAIHAMI, kwa sababu mmea huu hupandwa pale pale utakapoishi. Nilimsahihisha mbele ya watu: mmea "hauhami". Akanijibu, "Shefu, we andika hauhami kwa kitabu. Uku kwa shamba, haihami." Walicheka mpaka majembe yakawaanguka, na kibao kikabaki.

Laiti ningekisoma kibao kile badala ya kusahihisha sarufi yake. Aprili 1996, risasi za vita vya wenyewe kwa wenyewe zilipokaribia bustani, niliamuru mimea yote ing'olewe ipelekwe Kibenga, kwenye ua wa rafiki. Zubeda alisimama katikati ya matuta. "Shefu, apana. Utaiua." Niliamuru mara ya pili. Tulikata mizizi kwa majembe, tukaibeba mimea arobaini na mmoja kwenye ndoo. Baada ya wiki mbili yote ilikuwa imekauka. Mwezi uliofuata nikavuka ziwa mimi mwenyewe.

Nikiwa huku ndipo nilipopata habari kwamba siku ile, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, hakunitii. Mimea saba ya tuta la mwisho aliifunika kwa mabua ya mpunga, akaniambia imekwisha. Tangu hapo, kila njia ilipopitika, alitembea kutoka Bwiza kwenda kuipalilia. Mumewe, Hamimu, alipouawa mwaka 1997, Zubeda alikaa eda miezi minne na siku kumi. Muda wote huo aliyepalilia ni mwenzake wa bustanini, Spéciose, ingawa siku hizo watu wa mtaa wake na wa Zubeda walikuwa hawapitiani. Yapo mengi ya kumsifia Zubeda. Mimi nikikumbuka hilo moja la mimea saba, kalamu inanilemea.

Mwaka 2000 alinitumia bahasha ya mbegu thelathini na ujumbe kwamba ufunguo unanisubiri. Sikuzipanda. Mmea huu ukishapandwa, umepandwa. Niliona kuuweka ardhini hapa ni kuliamua jambo ambalo sikutaka kuliamua. Bahasha ikakaa miaka minne ndani ya kamusi yangu. Mwezi uliopita akaniuliza kwa barua: "Ufunguo nani akuwekee, Shefu, au nimpe Spéciose?"

Tarehe mosi ya mwezi huu nilizisugua zile mbegu kwa mchanga, kama alivyofanya yeye, nikazipanda kando ya mlango wangu. Tisa zimeota.

Mama Zubeda, ahsante kwa kazi yako, na ahsante zaidi kwa siku ile uliyonidanganya. Magoti yako yapumzike. Mungu akujalie miaka mingi ya kukaa kwenye kiti ukiwaona wengine wakipalilia, na uwasahihishe wakikosea. Ufunguo mpe Spéciose. Mimi sitarudi.