Kuni za Ng'ambo

BONAVENTURA: Haloo? Nani huyo?

VEREDIANA: Nani tena. Verediana wa Katonga. Au siku hizi dada yako umemsevu kwa jina la mteja?

BONAVENTURA: Aa, dada. Mwakeye, za asubuhi. Shikamoo. Simu mpya hii, majina hayaja—

VEREDIANA: Marahaba. Simu mpya. Kumbe kuni zinalipa. Huko Ilagala wazima?

BONAVENTURA: Wazima. Mama anaendeleaje huko kwako?

VEREDIANA: Macho ndiyo yale yale, haoni hata kiganja chake. Ila masikio na vidole, usiombe. Nimepiga simu kwa ajili ya kuni ulizoniletea.

BONAVENTURA: Zina shida?

VEREDIANA: Shida ya nini? Jana nimebanika samaki wangu, migebuka, mpaka jirani akaja kuchungulia jiko. Kaa limelala na moto wake mpaka asubuhi.

BONAVENTURA: Si nilikwambia? Za Kongo hizo, dada. Zimevuka ziwa. Mti wa huko si kama huu wetu—

VEREDIANA: Wetu una nini?

BONAVENTURA: Mwepesi. Ukiuwasha tu, umekwisha. Kama karatasi.

VEREDIANA: Maskini nchi yangu. Nilipokuwa binti kuni tulizifuata nyuma ya choo. Nilipoolewa zikaletwa kwa baiskeli kutoka Kidahwe. Nilipofiwa na mume, lori. Leo zinakuja kwa boti kutoka nchi ya watu. Wajukuu zangu watabanika kwa kuni za ndege.

BONAVENTURA: [anacheka] Ndiyo maendeleo, dada.

VEREDIANA: Ndiyo. Mwenye shamba la muhogo kwenda kuomba ugali. Zilivuka na boti ya nani?

BONAVENTURA: Ya... ya Oswald.

VEREDIANA: Oswald huyu wa hapa Katonga?

BONAVENTURA: Huyo huyo.

VEREDIANA: Hodari kweli. Boti yake iko mchangani mbele ya mlango wangu tangu Pasaka, mashine imeng'olewa, kuku wangu wanatagia humo. Basi huwa inavuka nikilala, pamoja na mayai yangu.

BONAVENTURA: Si— huu mtandao unakwaruza, dada. Labda alikodi kwa—

VEREDIANA: Labda. Hebu niambie, Wakongo nao hutundika mizinga ya nyuki mitini?

BONAVENTURA: Hutundika. Watu ni wale wale.

VEREDIANA: Kwa mnyororo wa baiskeli?

BONAVENTURA: Haloo? Haloo, dada?

VEREDIANA: Bona.

BONAVENTURA: Nipo.

VEREDIANA: Kuna gogo moja limemeza mnyororo. Gome limeufunika, umebaki ncha tu nje. Nikajisemea, kumbe hata Kongo kulikuwa na mwanamume kama marehemu baba, aliyeua baiskeli nzima ili atundike mzinga, mkewe akaenda kliniki kwa miguu, mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe wewe.

BONAVENTURA: Dada, mti ule ulikuwa umezeeka, ungeangukia—

VEREDIANA: Juzi tu nilikuuliza habari za mti wa baba. Ukasema umesimama, nyuki wamejaa, mama akirudi utamshika mkono umpeleke akauguse. Basi mama hana habari nyingine hapa. Akila, anasema, mti wa mume wangu. Akisali, mti wa mume wangu.

BONAVENTURA: Usimwambie. Nakuomba, dada. Nitampeleka kwenye mwingine. Kwani... kwani atajuaje?

VEREDIANA: Mwingine. Upi? Mlima umeunyoa kama kichwa cha mfiwa. Au hata mti wa kumdanganyia mama utauagiza ng'ambo?

BONAVENTURA: [mtandao unakwaruza] ...wewe mwenyewe si unazichoma hizo kuni?

VEREDIANA: Nazichoma. Ila lile gogo sijalitia motoni. Nililiweka barazani, nikaenda kuosha samaki. Narudi, mama amelikalia. Kidole kiko kwenye mnyororo. Tangu kulipopambazuka hajainuka, na uji wake umepoa.

BONAVENTURA: Amesema nini?

VEREDIANA: Muulize. Spika iko wazi tangu uliposema mti wetu ni karatasi. Haya, namshikisha simu. Vocha imebaki kidogo, usiimalizie kwenye Kongo.

BONAVENTURA: Mama? Haloo, mama? Shikamoo, mama. Mama, sikusikii. Mtandao wa huku... unakatika, mama, sikusikii kabisa, nitapiga baada—

VEREDIANA: Hajasema kitu, Bonaventura. Anakusikiliza wewe.