Kitambaa Chenye Pindo Jekundu

Mwaka ule tuliokula mahindi ya njano, sima ikitoka sufuriani kama imetiwa bizari na watoto wakiikimbia, ndio mwaka mume wangu alipofariki akaniachia wajukuu na kamera. Basi, akina mama wa chama, mumenisimamisha niseme nilivyoanguka na nilivyoinuka. Nitasema. Majina sitaji. Mwenye kujijua atajijua, na akicheka kwa nguvu sote tutamjua.

Kamera ile ilikuwa na taa ya globu, na nyuma ya globu sahani ya bati inayong'aa. Globu moja, picha moja. Ikishawaka imekufa, unaitupa. Marehemu alikuwa akipiga picha wanaume, na wazungu wa ufuoni Diani. Ndani kwa wanawake hakuingia, aingie vipi? Nikasema, huko ndiko kwangu.

Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alicheka mpaka akashika mlango. "Shemeji, wewe na kamera? Haya. Ukishindwa naja kuichukua, nina mtu Mombasa anaitaka."

Wajukuu walikuwa wanakula kwa ile kamera. Ikienda Mombasa, chungu kinakwenda nayo.

Nikapata harusi Tiwi. Bi harusi ameketishwa mkekani, amepakwa mafuta ya nazi na liwa mpaka anameremeta kama kikaango. Dirisha dogo, pazia limeshushwa. Nikamwelekezea taa uso kwa uso. Paa! Shangazi yake akapiga ukelele: "Radi! Utamtoa mtoto macho!" Nikapiga tena, na tena. Mwisho shangazi hakuvumilia, akautupa mtandio wake mweupe juu ya taa, globu ikawakia humo humo ndani. Chumba kizima kikacheka. Mimi nikanuna, nikijua globu yangu imepotea bure.

Picha zikaenda kuoshwa Mombasa, kwenye duka ambako za wanawake huoshwa na mke wa mwenye duka. Ziliporudi, ndugu zangu, nawaambia, niliketi chini. Uso wa yule msichana haukuwepo. Palikuwa na sahani nyeupe, macho kama vipande vya makaa, na ukutani nyuma yake kivuli cheusi kirefu kimemsimamia kama mdai. Nikazifunga zote bila kuzimaliza, nikazipeleka. Kesho yake shangazi yuko mlangoni kwangu, salamu hakuna.

"Nilikupa mwali, umenirudishia mzuka!"

Habari ikanitangulia kila mahali. Nikipita Ukunda wanawake wanajifunika leso usoni: "Jifunikeni, Bi Jini huyo!" Harusi zikapita mbele ya nyumba yangu kama haina mlango. Nikakaanga viazi vya karai, nikalia ndani ya moshi ili wajukuu waseme ni moshi.

Siku moja, nageuza viazi, namwona shangazi yule yule. Safari hii alisalimu. Akanitolea picha moja.

"Hii hukuiona? Hii moja mtoto ni mtoto. Mashavu yake, kidevu chake, mpaka hina. Ulifanyaje?"

Nikaitazama sana. Kivuli ukutani hakipo, uso umelainika kama umeoshwa kwa tui. Ikanijia.

"Si mimi, ni wewe. Huu ni ule mtandio uliotupa juu ya taa."

Akaichukua picha, akaitazama tena. "Basi mdogo wake anaolewa Msambweni. Jifunze, nami nitakuita."

"Nipe basi huo mtandio."

"Mtandio wangu uliutoboa kwa moto! Tafuta wako."

Nikaanza kutafuta. Globu sikuweza kuziteketeza kwa majaribio, kwa hivyo niliwasha karabai ghalani, nikamweka mbele yake bi harusi wangu, boga. Naam, boga! Nililipaka mafuta ya nazi likameremeta kama mwali. Nikaziba taa kwa kifumbu cha kukamulia nazi: boga likatoka na mistari kama punda milia. Nikaweka kofia ya marehemu, ile ya kutarizi: boga likapata surua. Leso nzito ikameza nuru yote. Nailoni ikayeyuka, ikanuka, wajukuu wakatoka mbio. Mwisho nikachukua bafta, nyeupe, nyepesi, haina ua wala mstari, nikaishika mbali kidogo na taa. Boga likapendeza mpaka nikataka kulipa mahari.

Siku ya Msambweni shemeji naye alikuja, akakaa barazani na mfuko wa kubebea kamera. Nilimsikia akikohoa. Ndani mwali anameremeta vile vile kama dada yake. Nikatoa kitambaa changu. Bibi mmoja akapasua ukelele:

"Sanda! Kaleta sanda harusini!"

Loo! Mimi nilifikiria nuru tu, sikufikiria kwamba bafta ndiyo tunayozikia watu. Wengine wakamfunika mwali kwa mikono. "Kitoe, au utoke wewe!" Hata shangazi akaninong'oneza: "Bi Picha, tafadhali, kitoe upige hivyo hivyo."

Nje kikohozi. Nikamtazama yule mtoto, nikaona sahani nyeupe na makaa. Nikaiweka kamera mkekani.

"Mtu wa watu simpigi taa kavu."

"Sasa tufanyeje?"

"Nipeni sindano na uzi mwekundu."

Nikaketi pale pale nikakipiga kitambaa pindo, pande zote, wao wamenikodolea macho. Nikakiinua. "Haya, sanda ina pindo? Nani hapa amewahi kumzika mtu na pindo jekundu?"

Shangazi akaangua kicheko, vigelegele vikafuata. Bafta hunywa nuru, basi nikasogea karibu na mwali, nikapiga.

Picha zilitoka nzuri, mama yake akazibusu. Shemeji akasema, "Nionyeshe." Nikamwambia, "Za wanawake hizo. Kamuulize mkeo." Akaenda kumuuliza, mkewe akamjibu, "Nzuri mno, na mimi nataka yangu." Mfuko aliokuja nao kuchukulia kamera, leo ndio anaonibebea globu.

Nawashukuru shangazi na mtandio wake, mke wa mwenye duka aliyeosha picha mbaya na nzuri bila kunicheka, na shemeji pia, kikohozi chake kilinishonesha haraka. Na anayetaka kazi hii nimemwambia bure: kitambaa cheupe, chepesi, kisicho na ua, kisiguse globu, nawe usogee. Aliyekushinda jana, mrudie na kitambaa.

Namaliza, maana mwenyekiti wetu ananivuta leso. Anasema mgeni wetu kutoka ofisi ya Matuga ana haraka, gari linamngoja, nimpige hivyo hivyo bila kitambaa. Mgeni, karibu sana, keti, jifute jasho. Kitambaa kinakuja.

Mtu wa watu simpigi taa kavu.