Mlango wa Mwekezaji

Kijiwe chao kilikuwa pembeni mwa barabara, kati ya kibanda cha Kinyozi na karakana ya Fundi wa milango, mahali ambapo kivuli cha ukuta hufika saa nane na wanywaji wa kahawa hufika nacho. Siku hiyo benchi la zamani lilikuwa limelala chali kando, mguu umevunjika, na wazee walikuwa wamekalia kitu kingine kilichowekwa juu ya matofali na kufunikwa shuka la kinyozi. Waliketi bega kwa bega, vikombe mkononi, wakiupanga uchumi wa dunia. Katikati yao, mtulivu kama mtu asiye na miadi, aliketi Fundi mwenyewe.

Binti yake alisimama akamtazama. Kijiweni walimwita Digrii, kwa sababu alikuwa nayo na walipenda kumkumbusha. Alitoka kuchapisha karatasi za mwisho, na saa yake ilisema tisa na dakika ishirini. Saa kumi kamili mtu wa kampuni ya kigeni angekuja kukagua mlango wa sampuli. Kampuni hiyo ilikuwa inajenga nyumba mia nne nyuma ya soko, na ilitafuta karakana tatu tu za wenyeji za kuitengenezea milango. Fundi alikuwa hajauza mlango kwa miezi mitano, tangu milango iliyotengenezwa nje ya nchi ijae madukani. Siku hizi alikaza miguu ya viti vya watu. Mwenye ghala la hiyo milango ya nje alishamwambia, tena kwa huruma kabisa, kwamba kuna nafasi ya ulinzi. Kazi hii ikikosekana, Fundi angekwenda kuilinda.

— Baba, nipe ufunguo wa karakana. Nataka kuufuta mlango.

— Vanishi bado, mwanangu. Ukifungua utaingiza vumbi.

— Uliupaka juzi.

— Haraka haraka haina baraka.

— Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Inuka basi ukanawe, uvae lile shati.

— Nitainuka, alisema Fundi, na hakuinuka.

Bilioni akaingilia. Huyu alikuwa dalali wa viwanja, na hakuna aliyewahi kumsikia akitaja kiasi kilicho chini ya jina lake. Alisema binti amwache mzee wake kwanza apewe ushauri, maana mwekezaji haendewi kichwa kichwa. Uchumi wetu unakua, alisema, asilimia hii na asilimia ile, na dunia nzima inautolea macho.

— Unakua wapi? aliuliza Kinyozi. Mimi vichwa ni vile vile.

— Unakua juu. Wewe unaangalia chini, unaona nywele tu.

Halafu Bilioni akatoa ushauri wenyewe: Fundi asiuze mlango hata mmoja. Adai hisa. Asilimia hamsini na moja ya kampuni, na ofisi yenye zulia.

— Wanataka milango, mzee wangu, alisema Digrii. Imeandikwa hapa. Milango.

— Imeandikwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Sasa hiyo inahusu nini?

— Ndiyo maana mimi natembeza viwanja, alisema Bilioni kwa fahari, na hakuna aliyemsaidia.

Mstaafu alikohoa. Alikuwa karani kwa miaka thelathini na hakuamini karatasi ambayo hakuipiga muhuri yeye. Kwa maelezo yake, mlango ulikuwa kisingizio, na nyumba zenyewe zilikuwa kisingizio. Huwezi kujenga nyumba bila kuchimba msingi. Na ukichimba misingi mia nne, unachukua udongo wa nani? Waulizwe udongo unakwenda wapi. Yeye alishaona malori.

— Malori ya kokoto, babu. Yanaleta, hayachukui.

— Ndivyo wanavyotaka uone.

Digrii alitazama saa. Tisa na dakika thelathini na tano. Alimwomba baba yake kwa macho, na baba akageukia upande wa muuza kahawa, ambaye naye alikuwa akitazama birika kana kwamba limeandikwa kitu.

Kinyozi hakutaka kupitwa. Alinong'ona kwamba kuna mteja mmoja, jina halitaji, aliyemwambia kuwa nchi ya hao wageni inazama, bahari inawapandia vitandani. Watahamia hapa wote, na serikali yao, na wimbo wao wa taifa. Hizo nyumba mia nne ni za kuonja tu. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa siku ya tatu jembe watakuuzia wao.

— Wanataka milango, alisema Digrii. Wiki tatu nimeandika barua. Baba, nakuomba. Inuka.

— Siwezi, alisema Fundi taratibu.

— Mgonjwa?

— Mzima.

Kando ya birika alikuwa amesimama mwanamke wa makamo, viatu vimejaa vumbi, kofia ngumu kwapani. Alikuwa amenunua kahawa na kuimaliza bila haraka. Sasa alirudisha kikombe, akakunjua karatasi.

— Samahani. Natoka kampuni ya zile nyumba, nimewahi kidogo. Mlango uko wapi?

Bilioni alichungulia barabarani kutafuta gari kubwa. Halikuwapo. Kisha Kinyozi akainuka, halafu Mstaafu, halafu Bilioni, kila mmoja akitazama upande wake. Fundi alibaki peke yake. Hatimaye naye akasimama na kulivuta shuka kwa mikono yake.

Mlango ulilala juu ya matofali, unang'aa, ukiwa na alama saba za vikombe. Pale alipokaa Fundi kulikuwa na doa la kahawa lenye ukubwa wa sahani.

— Benchi lilivunjika, alimwambia binti yake. Nikasema dakika tano tu. Kahawa ikamwagika, nikaikalia.

Mwanamke alitoa tepu. Akapima kutoka pembe hadi pembe, akavuka akapima pembe zile nyingine. Akachuchumaa, akafumba jicho moja, akautazama ubavu.

— Mmeukalia tangu saa ngapi?

Wenye asilimia walitazamana. Wenye hesabu ya malori walitazama viatu.

— Tangu birika la kwanza, alisema muuza kahawa. Hili la tatu, na limekwisha.

— Haujapinda, alisema mwanamke, akaandika. Kesho kutwa nataka wa pili, ulingane na huu. Kahawa msiuwekee.

Akaenda zake, hakusema ndiyo wala hapana.

Mstaafu alikuwa ameshaanza kueleza kwa nini yule mwanamke alipima pembe. Alipokuwa akieleza, alirudi nyuma akitafuta pa kukaa, na macho ya wenzake yakaufuata mlango.

Digrii aliuvuta ufunguo kutoka mfuko wa baba yake. Akaokota mguu wa benchi uliovunjika, akamwekea mkononi.

— Anza na huu, alisema.