Msumari wa Benchi na Ugomvi wa Elektroni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, nje ya kibanda cha fundi viatu. Upande wa kulia kuna kivuli, watu wanabanana kama ndizi kwenye chane. Upande wa kushoto kuna msumari uliochomoza, hakai mtu. Fundi ana nyundo, lakini tangu lini fundi akatengeneza cha kwake? Kila alasiri wapo watatu: fundi, aitwaye Soli, muuza kahawa, aitwaye Buli, na Kipaza, mshereheshaji wa harusi ambaye hata akinong'ona mtaa wa pili unaitikia. Siku hiyo alikuja mpwa wake Kipaza, msomi wa kemia wa chuo kikuu, waliyembandika jina Elektroni kwa kuwa hana habari nyingine. Alikuja na uso wa mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Kesho asubuhi angesimama mbele ya jopo la walimu kueleza nadharia aliyoisoma mwaka mzima. Mara ya kwanza aliulizwa swali moja, sauti ikamtoroka, akaambiwa arudi. Akaona bora ajaribu kwanza mbele ya watu wasiojua kumwonea mtu haya. Basi akafika penyewe.

KIPAZA: Haya mpwa wangu, mwaga! Hapa hakuna profesa, kuna kahawa tu.

ELEKTRONI: Molekuli ina elektroni nyingi, na kila moja inazisukuma nyingine. Ukitaka kuzifuata mojamoja, hata kompyuta inatoa ulimi nje.

SOLI: Kama kumfuata kila mgeni kwenye harusi za Kipaza.

KIPAZA: Harusi zangu zitoe mdomoni! Sahani ulizobeba hazikukutosha?

ELEKTRONI: Sasa nadharia inasema, usimfuate mtu. Tazama msongamano tu. Wapi wamejaa, wapi pako wazi.

BULI: Hiyo ndiyo kazi yangu! Siulizi nani kafika. Naona walikobanana, napeleka birika.

Elektroni akafungua kinywa aendelee, akajiona yuko tena mbele ya jopo. Akainamisha macho. Macho yakatua kwenye msumari.

ELEKTRONI: Mgeni akipita hapa akawaona mmebanana huku, na kule hakuna mtu, atajua nini?

SOLI: Atajua kule kalala Kipaza jana.

BULI: Atajua huku kuna kivuli na kule kuna kitu kinachoma.

ELEKTRONI: Hapo hapo! Kukaa kwenu tu kumemweleza benchi lilivyo. Elektroni nazo zikitulia, msongamano wake unatwambia viini vya atomi viko wapi, na nishati na mengine yote yamo humo humo.

Soli akainua kiatu kama hakimu.

SOLI: Basi mimi nikiona soli ilivyolika, najua mtu anakwenda wapi akimuaga mkewe.

KIPAZA: Hicho kitu kidogo! Mimi nikiona ukumbi walivyojazana, nasoma ndoa. Wakijaa kwenye chakula, miaka miwili. Wakijaa mlangoni, bibi harusi keshatoroka.

BULI: Serikali nayo iache kuhesabu kura. Ipige picha foleni ya kahawa, itangaze mshindi!

ELEKTRONI: Taratibu, wazee wangu! Kinacholeta ugumu ni ule ugomvi. Kwa hiyo tunabuni elektroni za kufikirika, zisizogombana kabisa, ila zikae palepale pa zile za kweli. Hesabu inalainika. Kisha tunaongeza kipande kimoja cha kufidia ugomvi tuliouacha nje.

KIPAZA: Tujaribu! Kila mtu palepale alipo, na asigombane mtu.

Wakakaa wima kama wanapigwa picha. Inzi akapita, hakuna aliyemfukuza.

SOLI: Kipaza, kiwiko.

KIPAZA: Kiwiko changu kiko kwangu.

SOLI: Kiko ubavuni mwangu!

BULI: Wameshagombana!

SOLI: Wewe nani kakuuliza?

ELEKTRONI: Ndiyo maana nikasema za kufikirika!

Hapo akazungumza mama mmoja, kiatu kimoja mguuni, cha pili akingoja kishonwe. Alikuwa amefika wakati wanabishania kura, kakaa upande wa kushoto bila kujua habari za msumari.

MAMA: Samahani, wanangu. Hicho kipande cha kufidia ugomvi kinaandikwaje?

Kipaza akamtazama Soli. Soli akakitazama kiatu. Buli akatikisa birika, kumbe tupu. Wote wakamgeukia Elektroni, na swali ndilo lilelile la jopo. Mara ile alilifunika kwa kanuni ndefu mpaka akazama nazo, sauti ikamtoroka. Akavuta pumzi.

ELEKTRONI: Hakuna anayejua, mama.

MAMA: Hapa kijiweni?

ELEKTRONI: Duniani. Imethibitishwa kwamba kipo, na ni kilekile kwa kila molekuli. Umbo lake kamili hajalipata mtu. Tunalikadiria, na mara nyingi majibu yanakaribia ukweli. Yakikosea, ninaweza kukuonyesha ni wapi na kwa nini.

MAMA: Kumbe. Sasa nimeelewa.

Sauti ya Elektroni haikutoroka safari hii. Ilikuwa imekaa kifuani, imejaa tele, hata Kipaza alisogea kuipisha.

KIPAZA: Na kesho wakikuuliza?

ELEKTRONI: Nitawajibu hivihivi, mjomba. Wasiposikia, nitaazima koo lako.

Soli akamaliza kushona, mama akainuka kuchukua kiatu. Gauni likabaki nyuma, limeng'ang'ania ubao.

MAMA: Na huu msumari, fundi, mbona haugongwi?

Soli, kwa aibu, akaishika nyundo, akainyanyua.

ELEKTRONI: Usiuguse, fundi! Mfano wangu huo, kesho naingia nao kwenye jopo.