Kamanda wa Takataka

Basi lilikuwa halijatoka kituo cha reli cha Taipei, na mzee mmoja mwenye kofia alikwisha kumwanza binti aliyeshika ua la alizeti, alama ya wanafunzi walioliteka Bunge.

"Ndio nyinyi mliovamia Bunge? Wanamapinduzi! Mbona nasikia humo ndani mnapanga foleni ya choo?"

"Tunapanga, babu. Na taka tunazitenganisha. Karatasi huku, plastiki kule."

"Lo! Hapo serikali lazima inatetemeka."

"Kwani enzi zenu, babu, nyinyi mlivamia nini?"

Mzee akaivua kofia, akaipangusa vumbi.

"Tena tuna kamanda wa taka," binti akaendelea, "anaitwa Chun-ting. Siku ya tano hii hajalala vizuri, hataki televisheni zituite wachafu."

Kiti cha nyuma, Mama Chun-ting nusura aangushe mkoba. Alikuwa anakwenda kumburura mwanawe nyumbani. Chun-ting yupi huyo? Miaka ishirini na mbili lori la taka linapita mlangoni likipiga muziki wake, na anayelikimbilia na mifuko, kandambili mguuni, ni yeye mama mtu. Mwanawe, bwana mkubwa, yuko kitandani, anauliza leo kuna nini cha kula.

"Huyo mama yake kamlea kweli," binti akasema.

"Kalea stroberi," mzee akajibu. "Ukimgusa tu, kapondeka."

Basi likasimama karibu na Bunge. Wale wawili bado wanarushiana maneno, Mama Chun-ting akawapita, akashuka. Kumrudisha atamrudisha. Ila kwanza alitaka asimame pembeni kidogo, amwone akibeba taka.