Mwaka Mmoja Tuliomwomba Mzee Walubengo

Na Fridah Sifuna, karani wa stoo ya chanjo

Bwana Kizito Walubengo, fundi wa friji za chanjo, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuutumikia umma miaka thelathini na saba. Ilikuwa iwe thelathini na sita. Mwaka wa ziada tulimwomba sisi, mkewe akiwa mgonjwa na yeye ameshafunga virago, na wasifu huu hautakuwa wa kweli ukiuruka mwaka huo.

Aliajiriwa Bungoma mwaka 1988, kijana mwembamba mwenye cheti kimoja na baiskeli ya kuazima. Siku hizo friji za zahanati zilitumia mafuta taa. Moto chini, baridi juu. Ukimweleza mtu wa leo anakuona mwongo. Kazi yake ilikuwa kukata tambi, kupangusa masizi na kuhakikisha chanjo haipati joto wala haigandi. Mashati yake yote yalinuka mafuta taa, hata lile la harusi.

Kisa chake maarufu ni cha Lwakhakha, mpakani na Uganda. Friji ya zahanati moja ilikataa kabisa kupoa. Walubengo akaipindua, kichwa chini miguu juu, akaagiza iachwe hivyo hadi kesho yake. Watu wakaanza kupita kuangalia. Muuguzi akamuuliza kama hiyo ni dawa ama ni uganga. "Imechoka, sista," akajibu. "Wacha ilale." Kesho yake ikasimamishwa, ikapoa, na tangu siku hiyo kule mpakani aliitwa Daktari. Mafundi wanajua sababu yake. Sisi wengine tulipenda tu lile jibu.

Alihamishiwa Kitale mwaka 1999. Katika zahanati ya Saboti, karibu na huko, alikuta muuguzi Kipruto ameficha chupa ya maziwa lala katikati ya chanjo za surua. Hakupiga kelele wala kumshtaki. Aliandika katika daftari la halijoto: "Digrii nne. Maziwa nimekunywa. Ni mazuri." Kipruto ndiye mkubwa wa zahanati hiyo siku hizi, na hajathubutu kuficha hata soda.

Pikipiki ya idara ilipokufa, Walubengo alipanda Mlima Elgon kwa miguu, sanduku la vifaa begani. Ilichukua miezi minne kupata nyingine, na hatukumsikia akilalamika. Labda hapo ndipo tulipoharibikiwa. Mtu asiyelalamika ni rahisi kusahau kwamba ana magoti.

Nyumbani kwake ni Matulo. Miaka yote ya Kitale aliondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumatatu asubuhi. Amesomesha mabinti wanne, na walipokuwa wadogo aliwasuka nywele yeye mwenyewe Jumapili kabla ya kanisa. Phelista, kifungua mimba wake, anasema baba alisuka vizuri kumshinda mama, ila alikaza kama anayefunga waya.

Miaka mitatu iliyopita mkewe, Edah, alianza kusahau. Kwanza sufuria motoni, halafu majina ya majirani. Daktari alisema ugonjwa huo haurudi nyuma. Walubengo akapiga hesabu yake: angestaafu Juni 2024, akae na mama watoto wakati bado anamjua. Hakutaka kingine.

Juni hiyo hatukuwa na fundi mwingine. Nafasi ilikuwa imetangazwa mara mbili bila kupata mtu. Mkuu wa idara alitaka barua ya kumwomba abaki kwa mkataba wa mwaka mmoja, na barua hiyo niliiandika mimi. Niliiandika vizuri. Nilitaja watoto wa mlimani, kwa sababu nilijua hapo hangeweza kukataa. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaniambia, "Sawa, Fridah. Mwaka ni nini?"

Pasaka iliyopita alichukua likizo, akafika Matulo siku ya Jumanne. Edah alimkaribisha vizuri, kama mgeni. "Kaa hapo nje, nakuletea chai," akamwambia. "Bwana yangu anakuja Ijumaa." Alikunywa chai hiyo ya wageni siku tatu. Ijumaa jioni akachukua begi lake, akatembea hadi barabarani, akarudi, akabisha hodi. Edah akampokea kwa vicheko, akamuuliza habari za Kitale. Aliyenisimulia haya ni Phelista. Mzee mwenyewe alirudi kazini Jumatatu, akauliza friji gani imeharibika.

Wiki jana niliambiwa niandike barua nyingine, ya miezi sita. Nimechoka, na ile ya kwanza bado inaniuma. Sikuiandika, nimeandika wasifu huu badala yake. Hadi fundi mpya apatikane, chanjo tutazibeba kwa masanduku ya barafu, na hiyo ni shida yetu.

Mzee Walubengo, asante kwa watoto wasiokujua jina, ambao walichanjwa kwa sababu ulifika. Ile barua ya mwaka jana, naomba unisamehe. Tunakutakia maisha mema, wewe na Mama Phelista. Na tukikupigia simu kwamba friji imekataa tena, tafadhali usishike.